Neno "kufufua" limetuponza

Daktari akisema, "Tunaomba familia ikubali tusimfufue mama," masikio ya mtoto hunasa neno moja tu. Kufufua, kwetu, ni kazi ya Mungu. Ni Lazaro akiitwa atoke kaburini, ni siku ya Kiyama watu wakisimamishwa. Kwa hiyo anayeuliza kama mzazi wako afufuliwe au la, ni kama amekuuliza unamtaka mzazi wako awe hai au awe maiti. Nani atajibu "awe maiti" mbele ya ndugu zake, kwenye korido ya wodi, saa nne usiku? Mazungumzo mengi ya DNR (kwa Kiingereza "do not resuscitate", yaani usifufue) kwa Kiswahili huharibika hapo, kwenye sentensi ya kwanza, kabla faili halijafunguliwa.

Jambo lenyewe ni dogo kuliko neno. DNR ni agizo la daktari, lililoandikwa kwenye faili au kwenye fomu yenye saini: moyo wa mgonjwa huyu ukisimama au akiacha kupumua, wahudumu wasianze kubonyeza kifua, wasimpige shoti ya umeme, wasimwingize mpira kooni ili mashine impumulie. Linahusu dakika hizo tu. Halisemi lolote kuhusu antibayotiki, dripu, kuongezewa damu, oksijeni, dialisisi, chakula wala dawa ya maumivu. Mwenye DNR anaweza kulazwa kwa nimonia, akatibiwa, akapona, akarudi nyumbani kulima bustani yake. Uingereza wanaliita agizo hili DNACPR, na herufi A waliyoipachika katikati ina maana ya kujaribu: msijaribu. Naipenda herufi hiyo kwa sababu inakiri ukweli ambao "kufufua" inauficha. Kinachokatazwa ni jaribio, na majaribio mengi ya aina hii hushindwa.

Kwa Kiswahili ningeacha kabisa kutumia kitenzi hicho wodini. Semeni: "Moyo ukisimama wenyewe, hatutabonyeza kifua." Ni sentensi ndefu kidogo, lakini haimdanganyi mtu.

Ili ujue kinachokataliwa, jua kinachofanywa. Moyo unaposimama hospitalini, mto unaondolewa na nguo ya kifuani inachanwa kwa mkasi. Mhudumu anaweka viganja viwili katikati ya kifua, mikono imenyooka, anabonyeza kwenda chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya kila mibonyezo 30, pumzi 2 za mfuko, mpaka mpira uingie kooni. Kila dakika 2 mbonyezaji anabadilishwa, maana mikono huchoka na mibonyezo huwa mifupi bila mwenyewe kugundua. Adrenalini miligramu 1 inaingia mshipani kila dakika 3 hadi 5. Pedi mbili zinabandikwa kifuani na mashine inasoma mdundo. Moyo ukiwa unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, shoti inapigwa. Mstari ukiwa umelala kabisa, shoti haina kazi, ingawa kwenye runinga huonyeshwa kila mara.

Sentimita 5 kwenye kifua cha bibi wa miaka 80 ambaye mifupa yake imekonda ni mbavu zilizovunjika, mara nyingi kadhaa, na wakati mwingine hata mfupa wa katikati ya kifua. Hilo si kosa la mhudumu. Ukibonyeza kwa upole ili usivunje mbavu, damu haifiki kwenye ubongo, na hapo unakuwa umemuumiza bila kumsaidia.

Na moyo ukirudi, mgonjwa haamki akaomba uji. Anapelekwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, amelazwa kwa dawa ya usingizi, mashine inampumulia. Ubongo uliokosa damu kwa dakika 4 hadi 6 huanza kuharibika, na madaktari husubiri angalau saa 72 kabla ya kuthubutu kusema ataamka kama nani. Familia nyingi hazijui kwamba "amerudi" inaweza kumaanisha wiki tatu za mashine na kisha kifo kilekile.

Mbinu hii haikubuniwa kwa ajili ya mtu anayekufa kwa ugonjwa wa muda mrefu. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mhandisi wa umeme William Kouwenhoven pamoja na James Jude na Guy Knickerbocker walichapisha taarifa ya wagonjwa 20 ambao mioyo yao ilisimama wakabonyezwa kifua bila kupasuliwa. 14 walipona. Wengi wao mioyo ilisimama ghafla wakati wa upasuaji au chini ya dawa ya usingizi, yaani mwili wenye afya kwa jumla, hitilafu moja ya ghafla, na timu tayari imesimama kando ya meza. Habari hiyo ilienea haraka, na ndani ya miaka michache karibu kila aliyefia hospitalini Marekani alikuwa anabonyezwa kifua kwanza: kijana aliyepigwa na umeme, na mzee ambaye kansa ilikuwa imemla hadi mifupa.

Tofauti ya hao wawili ndiyo kiini cha jambo hili. Kwa kijana, moyo ulisimama na kwa sababu hiyo anakufa. Kwa mzee, anakufa na kwa sababu hiyo moyo unasimama. Ukiuwasha moyo wa kijana, umeondoa tatizo. Ukiuwasha wa mzee kwa dakika kumi, ini, figo na mapafu yaliyousimamisha bado yako palepale.

Takwimu zinafuata mantiki hiyohiyo. Katika hospitali za Marekani, kati ya wagonjwa 100 ambao mioyo yao husimama wakiwa wodini na wakabonyezwa kifua, kama 25 hutoka hospitalini wakiwa hai. Nje ya hospitali ni kama 10. Kwa wenye kansa iliyosambaa mwilini, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipata watu 5 au 6 kati ya 100, na kwa wagonjwa wa kansa waliokuwa tayari ICU ilikuwa kama 2. Hizo ni nchi ambazo hospitali zina mashine za kushtua moyo na timu za kukimbilia dharura. Kisha linganisha na wanachokiona watu kwenye runinga: mwaka 1996 watafiti walihesabu matukio ya CPR, yaani huko kubonyeza kifua na kumpulizia mtu pumzi, kwenye vipindi vitatu vya televisheni vya Marekani, wakakuta wagonjwa 75 kati ya 100 wakirudiwa na uhai. Familia inapokuja wodini na matumaini ya 75, na daktari anaongea akiwa na 2 kichwani, hawazungumzii kitu kimoja.

Wazo la kuandika agizo lilikuja kwa kuchelewa, na lilikuja kwa sababu ya siri. Katika miaka ya 1960 na 1970 madaktari waliona wanachowafanyia wanaokufa, lakini hawakutaka kusema. Wengine waliagizana kwa mdomo. Wengine walifanya ile CPR ya kuigiza: wanatembea polepole kwenda kitandani, wanabonyeza kidogo, wanaandika kwamba walijaribu. Katika hospitali moja ya Queens, New York, ilibainika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba wagonjwa wasiotakiwa kubonyezwa kifua walibandikwa alama za duara la zambarau kwenye kadi za wauguzi, na kadi hizo zilitupwa mgonjwa akishakufa. Hapakubaki maandishi yoyote kuonyesha nani aliamua, wala kama mgonjwa aliulizwa.

Mwaka 1974 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka wazi kwamba CPR haifai pale ambapo kifo kinatarajiwa kutokana na ugonjwa usiorudi nyuma, na kwamba uamuzi huo uandikwe kwenye faili. Mwaka 1976 hospitali za Boston zikachapisha taratibu zao hadharani. New York ikapitisha sheria ya DNR mwaka 1987, iliyoanza kutumika Aprili 1988. Msingi wake ni kwamba kila mgonjwa anachukuliwa kuwa amekubali CPR mpaka agizo liandikwe kwa kufuata utaratibu. Watu wanaoiona DNR kama njama ya hospitali ya kuwaondoa wagonjwa wanapaswa kuijua historia hii. Karatasi ilitungwa ili kuiondoa siri, ili pawe na jina, tarehe, sababu na saini.

Siri hairudi kirahisi makaburini, hata hivyo. Uingereza, mwaka 2011, mgonjwa wa kansa ya mapafu aitwaye Janet Tracey aliandikiwa agizo bila yeye kuambiwa. Familia ilipogundua, agizo lilifutwa, na baadaye likaandikwa jingine. Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa, na hukumu ya Juni 2014 ikaweka kanuni inayotumika hadi leo: mgonjwa lazima ashirikishwe kabla agizo halijaandikwa, isipokuwa kama kumshirikisha kutamletea madhara ya kweli ya mwili au akili. Kwamba atahuzunika tu si sababu ya kutosha. Wakati wa korona yakatokea malalamiko ya maagizo yaliyoandikwa kwa makundi, wakiwemo watu wenye ulemavu wa akili, na ripoti ya mkaguzi wa huduma za afya wa Uingereza ya mwaka 2021 ilikiri tatizo hilo. DNR ni ya mtu mmoja, kwa ugonjwa wake, siku hiyo. Ikianza kuandikwa kwa umri, kwa ulemavu au kwa uwezo wa kulipa, imeacha kuwa tiba.

Kuhusu uwezo wa kulipa niongeze neno kwa ajili ya nyumbani, maana Afrika Mashariki hofu hiyo ni ya kweli: ICU inadai amana kubwa kabla ya kupokea mgonjwa, na vitanda ni vichache. Hospitali isiyo na mashine ya kupumulia iseme haina mashine. Familia iliyoishiwa pesa iambiwe tatizo ni pesa. Kuficha mojawapo ya hayo ndani ya maneno "tumeona tusimfufue" ni kuwabebesha watoto hatia ya uamuzi ambao hawakuufanya, nao wataibeba miaka mingi.

Sasa namna ya kuongea. Swali baya kuliko yote ni hili: "Mnataka tufanye kila kitu?" Hakuna Mswahili, Mkamba wala Mhaya atakayesema hataki kila kitu kifanywe kwa mama yake. Swali hilo limeshachagua jibu. Baya la pili ni kumpa mtoto kalamu asaini bila ushauri wowote, eti ndiyo heshima ya haki ya kuamua. Mtoto hajasomea udaktari. Anachokijua yeye ni mama yake, na hicho ndicho aulizwe.

Daktari anayejua kazi yake huanza na mgonjwa, akiwa bado anaongea, na huanza mapema, ugonjwa unapogeuka. Muda mzuri ni pale matibabu ya mwisho yaliyokuwa na tumaini yanaposhindwa, au mgonjwa anapolazwa mara ya tatu ndani ya miezi michache kwa ugonjwa uleule wa moyo au figo. Anavuta kiti, anakaa.

"Shikamoo mzee. Ungependa nikueleze hali yako yote, au nimweleze mtu mwingine hapa nyumbani?"

Wengine watasema, "Mweleze mwanangu mkubwa." Hiyo ni haki yake pia, na ni jibu la kawaida kwetu. Ila iwe yeye ndiye aliyelitoa, si ndugu waliomzunguka ili asijue. Kisha daktari anauliza anachokiogopa, anachokitaka, mahali anapopendelea kuwa. Baada ya hapo tu ndipo inafuata sehemu ngumu, na isemwe kama ushauri:

"Ugonjwa huu hauturudii tena nyuma. Ipo siku moyo utasimama kwa sababu mwili umechoka. Siku hiyo kubonyeza kifua hakutakurudisha, kutakuumiza tu. Mimi kama daktari wako nashauri tusifanye hivyo. Dawa za maumivu na za pumzi hazitakatwa, na watu wako watakuwa karibu. Unaonaje, mzee?"

Halafu anyamaze. Kimya cha sekunde thelathini baada ya maneno hayo ni kirefu mno kwa daktari kijana, na wengi hukivunja kwa kuongeza takwimu. Wasikivunje. Mgonjwa anawaza.

Mgonjwa akiwa hawezi tena kuongea, swali kwa familia ni, "Angekaa hapa nasi leo, akili yake timamu, angesema nini?" Swali hilo linawatoa kwenye "sisi tunataka". Na familia zetu haziamui kwa mtu mmoja. Yupo mtoto wa kwanza, yupo mjomba, yupo anayelipa, na yupo aliye ughaibuni ambaye hajamwona mzee miaka sita, na kumbukumbu yake ni ya mtu aliyemsindikiza uwanja wa ndege akiwa amesimama wima. Huyo ndiye hupiga simu usiku na kusema kila kitu kifanywe, na agizo linafutwa. Simlaumu, picha aliyonayo imepitwa na wakati tu. Aingizwe kwenye mazungumzo kwa simu ya video tangu siku ya kwanza, amwone mgonjwa alivyo, amsikie daktari mwenyewe.

Dini haiko upande mwingine wa meza hii kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba wajibu wa mtu ni kutumia njia za kawaida za kuulinda uhai, na kwamba njia zisizo za kawaida si lazima. Kwa Waislamu, Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia ilitoa fatwa namba 12086 mwaka 1988: madaktari watatu waaminifu na wajuzi wakikubaliana kwamba hali ya mgonjwa haina matumaini na CPR haitamfaa, inaruhusiwa kuiacha. Angalia kwamba ni uamuzi wa utaalamu, watatu kwa pamoja, na haujabebeshwa mtoto wa marehemu mtarajiwa. Anayesema "Mungu bado anaweza" amesema kweli, na DNR haimzuii Mungu. Nabii, padri, shehe wa msikiti wa jirani wote wakaribishwe kitandani. Kwa Mwislamu anayekaribia sakarati, nafasi ya kumlakinia shahada akiwa ametulia ni kubwa kuliko kikao cha watu saba wakimpanda kifuani huku ndugu wamefungiwa nje ya pazia.

Sasa karatasi, na hapa kila nchi ina lake. Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 1990 inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho kumwambia mgonjwa anayelazwa haki yake ya kuandika wosia wa matibabu. Wengi huandika wosia huo kwa wakili, wakauweka kwenye droo, wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Wosia wa matibabu ni matakwa. DNR ni agizo la kitabibu. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakifika nyumbani na kukuta moyo umesimama, hawasomi wosia: wanafuata agizo lenye saini ya mtoa huduma anayeruhusiwa, na bila hilo wanaanza kubonyeza. Fomu inayovuka kutoka nyumbani hadi hospitali ilianzia Oregon mwaka 1991 na huitwa POLST. New York huitwa MOLST, rangi ya waridi kali ili ionekane haraka. Ibandikeni kwenye mlango wa friji. Hapo ndipo wahudumu hutazama.

Familia zinazozungumza Kiswahili huko, za kutoka Kongo, Kenya, Burundi au Tanzania, zina haki ya mkalimani bila malipo. Msikubali mtoto wa miaka kumi na minne ndiye atafsiri habari ya kifo cha bibi yake. Na wakalimani, wengi kwa simu, nawaomba: daktari akitaja DNR, msiseme "kufufua" halafu mkanyamaza. Mwombeni daktari aeleze kitakachofanywa na kisichofanywa, mtafsiri hayo.

Uingereza ndugu hushauriwa lakini kisheria hawaamui, mpaka mgonjwa awe amewapa mamlaka ya kudumu kuhusu afya yake. Mtu mwenye akili timamu anaweza kuandika kukataa kwake mapema chini ya sheria ya mwaka 2005, lakini kwa tiba inayookoa uhai lazima iwe kwa maandishi, isainiwe, iwe na shahidi, na iseme wazi kwamba inatumika hata kama uhai uko hatarini. Sentensi hiyo moja ikikosekana, karatasi haina nguvu. Kenya, kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa, pamoja na haki ya kukataa tiba anayoshauriwa na kujua matokeo ya kukataa. Hapo ndipo pa kushika wodini ukiambiwa hakuna nafasi ya kuzungumza.

Mahali popote, agizo zuri lina jina kamili la mgonjwa na tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa na sababu, nani alishirikishwa na alisema nini, jina na saini ya daktari, tarehe na saa, na siku ya kulipitia tena. Mgonjwa anaweza kulifuta wakati wowote kwa neno la mdomo.

Makosa ninayoyaogopa zaidi ni ya utekelezaji. La kwanza: agizo limeandikwa kwenye ukurasa wa raundi ya asubuhi lakini halipo kwenye karatasi ya wauguzi. Zamu inabadilika, saa nane usiku moyo unasimama, muuguzi mgeni anafanya alichofundishwa. Agizo liwe ukurasa wa mbele wa faili, na litajwe kwa mdomo kila zamu inapokabidhiana.

La pili ni agizo la nusu: "Mpeni dawa lakini msibonyeze kifua." Familia hulipenda kwa sababu linaonekana kama suluhu ya kati. Kitabibu halina maana. Moyo umesimama, damu haitembei, adrenalini iliyoingia mkononi inabaki mkononi. Kilicho na maana ni kutenganisha mpira wa kooni na mengine: mgonjwa wa mapafu anaweza kukataa mashine ya kupumulia moyo wake ukiwa bado unapiga, na hilo liandikwe peke yake.

La tatu: mgonjwa ana kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa chini ya ngozi. DNR imesainiwa, mzee anakata roho, na kifaa kinampiga shoti moja baada ya nyingine kitandani, mkono wa mtoto ukiwa kifuani pake. Kazi ya kushtua izimwe mapema kwa kompyuta maalumu ya kifaa. Dharura ikitokea, sumaku ya kitabibu ikiwekwa juu ya kifaa huizuia kwa muda. Betri ya kawaida ya kuongoza mapigo haimpigi mtu shoti za aina hiyo na mara nyingi huachwa.

Upasuaji nao una mambo yake. Mgonjwa mwenye DNR anaweza kuhitaji kufungwa mfupa wa nyonga ili alale bila maumivu. Dawa ya usingizi yenyewe hushusha moyo na pumzi, na kinachosimama mezani mara nyingi hurudishwa kwa sekunde chache. Kwa hiyo agizo lisibebwe kimyakimya kuingia chumba cha upasuaji, wala lisifutwe kimyakimya. Daktari wa usingizi akae na mgonjwa, wakubaliane, waandike pia saa ya agizo kurudi.

Baya kuliko yote ni herufi tatu kusomwa kama "msimguse". Kengele ya kitanda chenye DNR inajibiwa mwisho. Hageuzwi, anapata vidonda vya mgongo. Homa haipimwi. Tiba nyingine zinapunguzwa bila mtu kuamua zipunguzwe. Ndugu wa mgonjwa, hapa msiwe na aibu. Ulizeni kila siku: leo anatibiwa nini, amepewa nini cha maumivu, mara ngapi.

Kwa maana DNR isiyo na mofini, dawa kali ya maumivu, ni kumtelekeza mtu. Uganda ililiona hili mapema. Hospisi, yaani kituo cha kuwahudumia wanaokaribia kufa, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 ilijenga huduma yake juu ya mofini ya maji ya bei nafuu, na tangu 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na Nairobi Hospice ipo tangu 1990. Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za jamii hiyo mara nyingi huanzishiwa miligramu 2.5 hadi 5 kwa mdomo kila saa 4, usiku na mchana, bila kusubiri maumivu yarudi. Mzee sana au mwenye figo mbovu huanza chini na kwa nafasi ndefu zaidi. Dawa ya kulainisha choo huanza siku hiyohiyo, kwa sababu mofini hufunga tumbo karibu kwa kila mtu. Kiwango hupangwa na mtoa huduma anayemjua mgonjwa. Mofini ikipimwa vizuri haimuui mgonjwa. Hupunguza pia ile hali ya kukosa pumzi ambayo wengi huiogopa kuliko maumivu.

Na ikiwa ni nyumbani, jueni mtakachokiona. Siku za mwisho hula kidogo, kisha hataki kabisa. Msimlazimishe uji, utaingia mapafuni. Loanisheni midomo kwa pamba au kitambaa safi chenye maji. Miguu na mikono hupoa, magoti huanza kuwa na mabaka. Pumzi huja kwa mafungu: nzito, nyepesi, kisha kimya cha sekunde 20 au 30, kisha inarudi. Mkoromo wa kooni ni mate asiyoweza kumeza. Unawatesa zaidi walio kando kuliko yeye. Mlazeni ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo. Endeleeni kuongea naye kwa jina.

Namba ya muuguzi wa hospisi au wa huduma shufaa iandikwe kubwa ukutani, na kila aliyemo ndani ya nyumba aambiwe mapema nani atapiga simu na atampigia nani. Huko ughaibuni hasa, shangazi akiingiwa na hofu akapiga namba ya dharura, wahudumu watafika, na karatasi isipoonekana watamshusha mzee sakafuni waanze. Pumzi ikikata na isirudi, tazameni saa, iandikeni. Hakuna haraka. Kaeni naye kwanza, ombeni, mfungeni macho, kisha mpigieni muuguzi.